Kofi lisilouma, ngao isiyoombwa: Undumakuwili wa kijinsia katika anime

Mwalimu wa shule ya msingi humfunza mtoto kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Akitokea mwanafunzi wa kuuliza kwa nini isiwe kinyume, huambiwa ndivyo Kiswahili kilivyo, akae chini. Lakini Kiswahili hichohicho kina kauli ya tatu, ya kutendana, ambapo watu wawili huoana na hakuna anayebaki nyuma ya kitendo. Kauli hizi tatu, kutenda, kutendwa na kutendana, ndizo ninazotaka kuzitumia leo kuhakiki utanzu ambao wasomi wetu wengi bado wanaudharau, nao ni anime.

Kwa asiyejua, anime ni filamu na vipindi vya vibonzo kutoka Japani. Nyingi huzaliwa kutokana na manga, yaani hadithi za picha zinazochapishwa kwa mfululizo katika majarida ya kila wiki au kila mwezi. Vijana wetu huzitazama kwenye simu usiku kucha, na asubuhi wanaweza kukusimulia nasaba ya mhusika hadi kizazi cha tatu. Hilo halinikasirishi. Kinachonishughulisha ni kwamba kazi hizi hutazamwa na wengi, lakini huhakikiwa na wachache.

Mtazamaji wa anime huzoea upesi kanuni mbili hata asizione tena. Ya kwanza ni kwamba msichana akimzaba mvulana kofi, au akamrusha hadi ukutani, tunacheka. Mvulana akimtendea msichana hivyohivyo, tunajua papo hapo kwamba huyo ndiye mwovu wa hadithi. Ya pili ni kwamba mvulana sharti amlinde msichana, aombwe asiombwe. Wapo wanaolalamika kuwa huu ni upendeleo kwa wanawake: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi naona vingine. Kofi la kuchekesha na ngao ya mwanamume ni matawi ya mti mmoja, na mzizi wa mti huo ni imani kwamba alitendalo mwanamke halina uzito.

Mwili mmoja, sheria mbili

Hebu tuanze na Ranma ½ ya Rumiko Takahashi, manga iliyochapishwa kati ya 1987 na 1996, ikageuzwa anime mwaka 1989 na kutengenezwa upya mwaka 2024. Ranma Saotome ni mvulana aliyetumbukia katika chemchemi yenye laana nchini Uchina. Akimwagiwa maji baridi anageuka msichana, na maji moto humrudisha alivyokuwa. Ni kana kwamba mwandishi amejenga maabara: mtu ni mmoja, akili ni moja, ustadi wa kupigana ni mmoja, ila miili ni miwili.

Mwanzoni mwa hadithi, Ranma anafika nyumbani kwa akina Tendo akiwa katika mwili wa kike. Akane, mmoja wa mabinti wa nyumba hiyo na mpenda mapigano, anamwalika wapimane nguvu. Ranma anamkwepa kwa wepesi, kisha anamgusa tu kisogoni. Akane anacheka. Anafurahi kwamba mgeni ni msichana, kwa kuwa asingependa kushindwa na mvulana. Haupiti muda anaugundua ukweli, maneno yanazidiana, na meza inatua kichwani mwa Ranma.

Mpiganaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni jinsia yake, na pamoja nayo sheria nzima ya nani ampige nani na sisi tucheke wapi. Tena sheria hiyo haitokani na nguvu za mwili, maana Ranma humshinda Akane katika miili yote miwili. Anapopigwa, anapigwa kwa sababu ameacha apigwe. Hapo ndipo penye kejeli. Akane anatamani kutambuliwa kama mpiganaji, lakini hapewi mpinzani wa kumjibu. Anaruhusiwa kupiga kwa sababu kipigo chake hakihesabiwi.

Je, si utani tu?

Mtetezi wa anime ataniambia: Profesa, huo ni utani tu, mbona unaupima kwa mizani ya mahakama? Ana hoja, na inafaa tumsikilize.

Japani ina sanaa ya jukwaani iitwayo manzai. Wachekeshaji wawili husimama mbele ya hadhira. Mmoja, anayeitwa boke, hunena upuuzi. Mwenzake, tsukkomi, humsahihisha, na mara nyingi humgonga kichwani kwa kiganja au kwa pepeo la karatasi. Kipigo hicho hufanya kazi ya alama ya uakifishaji. Huwaambia watazamaji kwamba upuuzi umefika kikomo, sasa chekeni. Vipigo vingi vya anime vina nasaba na jukwaa hilo. Ndiyo maana mhusika hupigwa akapaa angani hadi akawa kinukta kinachometameta, na katika onyesho linalofuata yuko mezani anakula wali, hana hata plasta.

Sisi pia tuna jadi ya utani. Watani hutoleana maneno makali, huchukuliana vitu, hata huvurugiana shughuli nzito, na hakuna anayenuna. Babu humwita mjukuu wa kike mkewe, naye mjukuu humwambia mzee kama yeye hana meno ya kulia mahari. Lakini angalia kitenzi chenyewe: kutaniana. Utani una haki ya kujibu ndani yake. Ukimtania mtu asiyeruhusiwa kukujibu, umevuka mpaka, na kitu hicho kina jina lingine.

Kwa kigezo hicho, hebu tutazame Love Hina ya Ken Akamatsu, manga ya mwaka 1998 hadi 2001 iliyoonyeshwa kama anime mwaka 2000. Keitaro Urashima amefeli mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Tokyo, anajikuta msimamizi wa jengo la nyanya yake ambalo limekuwa bweni la wasichana. Anajikwaa akamwangukia mtu, au anafungua mlango usiofaa, na Naru Narusegawa anampiga ngumi ya kumpeleka mawinguni. Kipindi kijacho ni vivyo hivyo. Makosa mengi ya Keitaro ni ajali tupu. Atapata wapi nafasi ya kujieleza? Hata kukasirika haruhusiwi, kwa sababu akikasirika ataonekana si mwanamume.

Wapenzi wa anime wana neno la mhusika wa aina ya Naru, nalo ni tsundere, mtu mkali kwa nje lakini mwenye mapenzi moyoni. Neno hilo lilianza kama maelezo ya tabia, likageuka kuwa kibali. Ukali wa msichana husomwa kama dalili ya upendo, na kipigo chake kama barua ya posa. Sasa ibadilishe jinsia. Mvulana anampiga msichana kwa sababu eti anampenda ila hajui namna ya kusema. Sentensi hiyo tunaijua, na haituchekeshi. Imewahi kusemwa mbele ya wazee wa ukoo, mbele ya hakimu, na mara nyingine mbele ya jeneza.

Faini inayolipia kosa

Lipo jambo jingine ambalo wanaolalamikia vipigo hivi huwa hawalioni. Katika City Hunter ya Tsukasa Hojo, iliyochapishwa kati ya 1985 na 1991, Ryo Saeba ni bingwa wa bastola jijini Tokyo ambaye hawezi kumwona mteja mrembo bila kumsumbua. Mshirika wake, Kaori Makimura, humtwanga kwa nyundo kubwa ambayo mara nyingi imeandikwa uzito wa tani 100. Watazamaji hushangilia wakisema amepata haki yake.

Haki gani, jamani? Ryo anaamka, anajipangusa vumbi, na mteja anayefuata anasumbuliwa vilevile. Nyundo ya Kaori ni kama faini ya kuegesha gari mahali pasiporuhusiwa. Mwenye pesa huilipa, kesho akaegesha palepale. Muten Roshi katika Dragon Ball ya Akira Toriyama ana mkataba huohuo na wasichana anaowatazama kwa uchu. Naye Jiraiya katika Naruto ya Masashi Kishimoto husimulia jinsi Tsunade alivyokaribia kumuua kwa kipigo alipokamatwa akichungulia wanawake wakioga. Anasimulia kama kichekesho, na kuchungulia hajaacha.

Basi hesabu imefungwa: usumbufu umetokea, kipigo kimetolewa, tumecheka, twende mbele. Msichana hapati nafasi ya kusema neno moja la maana kuhusu kilichomuumiza, kwa kuwa ngumi imesema badala yake, nayo ngumi haikusema kitu. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba kanuni hii inawapendelea wanawake. Anayefaidika na nyundo ya tani 100 ni Ryo. Kwa gharama ya uvimbe unaopona ndani ya sekunde tano, amenunua leseni ya kuendelea.

Hasara haiishii hapo. Keitaro aliyejikwaa na Ryo aliyekusudia wanapata adhabu ileile, na kicheko kilekile. Mtoto anayekua akitazama hivi anafunzwa kwamba kosa na ajali ni kitu kimoja, na kwamba hasira ya mwanamke ni hali ya hewa tu, kama mvua inayonyesha na kupita. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Msomaji asidhani hii ni njama ya waandishi wa kiume. Takahashi ni mwanamke. Hiromu Arakawa, mwandishi wa Fullmetal Alchemist, ni mwanamke pia, na hata yeye anampa Winry spana ya kumpigia Edward Elric kichwani. Kanuni hii ni ya utanzu, hasa ule wa majarida ya wavulana ambamo nyingi ya kazi hizi zilichapishwa, na mwandishi huirithi kama vile mtunzi wetu wa mashairi anavyorithi vina na mizani. Anachoweza kuulizwa ni namna anavyoitumia.

Ngao na bei yake

Tugeukie sasa upande wa pili, ule wa kulinda. Sanji, mpishi wa merikebu katika One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1997, hampigi mwanamke teke hata auawe. Ni mafunzo ya Zeff, mpishi mzee aliyemlea. Katika mapambano ya Enies Lobby anakutana na Kalifa, adui mwanamke asiyejua huruma. Sanji hajibu mapigo, na anashindwa vibaya.

Wengi humsifu, na kuna cha kusifu: mtu anayeishika ahadi yake hata inapomgharimu ana heshima yake. Lakini uhakiki huuliza swali la ziada: ni nani aliyelipa? Baada ya Sanji kuanguka, Nami ndiye anayelazimika kupambana na Kalifa, naye ni dhaifu kuliko Sanji kwa mbali. Kanuni ya kutompiga mwanamke imembebesha mwanamke mwingine mzigo. Tena kwa Kalifa, muuaji aliyefuzu kazi yake, kukataliwa pambano si heshima. Ni kuambiwa kwamba jinsia yake ni kubwa kuliko ustadi wake. Hapa yuko meza moja na Akane. Mmoja kipigo chake huchekwa, mwingine hukataa kujibiwa, na wote wawili hawachukuliwi kuwa watu wazima wanaowajibika kwa matendo yao.

Mwanamume naye hulipa. Katika Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge, iliyochapishwa kati ya 2016 na 2020, Tanjiro anambeba dada yake Nezuko katika sanduku mgongoni. Akiwa na majeraha mabaya, katikati ya pambano na zimwi la ngoma, anajipa moyo kwamba yeye ni mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo anaweza kuvumilia. Mashabiki wengi huicheka sehemu hiyo. Mimi niliitazama nikafikiria vifungua mimba wa nyumba zetu, walioambiwa wafute machozi kwenye kaburi la baba kwa sababu sasa wao ndio wanaume wa boma. Gotouge angalau anamruhusu Tanjiro kulia, na anamwacha Nezuko atoke sandukuni amwokoe kaka yake. Lakini fikra yenyewe inabaki: maumivu ya mvulana si habari. Keitaro akipigwa ni kichekesho, na Tanjiro akijeruhiwa ni wajibu.

Sheria zimewahi kuitambua hatari hii. Mwaka 2001, mwaka uleule manga ya Love Hina ilipokamilika, Japani ilitunga sheria ya kuzuia ukatili katika ndoa na kuwalinda waathiriwa. Kenya ilipata sheria yake ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani mwaka 2015. Hakuna kati ya hizo inayosema mwathiriwa lazima awe mke. Sisahau kwamba, kote duniani, wanaouawa na wapenzi au waume zao ni wanawake zaidi, na yeyote anayetumia mateso ya wanaume kufunika ukweli huo hanipati upande wake. Hata hivyo, mwanamume wa Kenya akienda kituo cha polisi kusema amepigwa na mkewe, tunajua kicheko kitakachompokea. Kicheko hicho kina udugu na kile cha Love Hina.

Usawa wa mateke?

Wapo walioona undumakuwili huu wakatafuta dawa ya mkato. Katika KonoSuba, anime iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2016, kijana Kazuma anajigamba kwamba yeye anaamini usawa wa kweli wa kijinsia, kiasi kwamba hata msichana anaweza kumrukia kwa teke. Vijana walishangilia sana, na tamko hilo limekuwa kama kaulimbiu ya mashabiki.

Kama kejeli dhidi ya kanuni ya kale, linachekesha. Kama falsafa, ni hafifu. Kazuma anadhani kosa lilikuwa kwamba ruhusa ya kupiga haikugawanywa sawasawa. Yaani dawa ya mtu mmoja kupigwa bure ni wote wapigwe bure! Bado tuko katika kauli ya kutenda na kutendwa. Tumebadilisha tu zamu. Kipigo hakijapata maana, na aliyepigwa hajapata sauti.

Kulindana

Je, upo mfano wa kauli ya tatu? Upo, na si mbali. Oda mwenyewe alirudi kwenye kanuni ya Sanji takriban miaka 15 baadaye, katika masimulizi ya Wano. Sanji amenaswa na Black Maria, adui mwanamke, na bado hawezi kumpiga. Safari hii anafanya jambo ambalo hakulifanya Enies Lobby: anapaza sauti kumwita mwenzake, Nico Robin, aje amsaidie. Black Maria anaona hiyo ni aibu kwa mwanamume. Robin anauchukulia wito huo kama imani, anakuja, na anapigana vita vyake kwa uzito unaostahili. Kanuni ya Sanji haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba anakiri gharama yake waziwazi, na anayeilipa ameombwa, akakubali.

Mfano ulionigusa zaidi uko katika Fullmetal Alchemist, anime ya pili ya mwaka 2009. Kanali Roy Mustang na luteni wake Riza Hawkeye wana maagano tangu walipotoka katika vita vya kuwaangamiza Waishval. Mustang amemkabidhi Hawkeye mgongo wake. Amlinde, lakini pia ampige risasi siku atakapopotoka. Siku hiyo inakaribia Mustang anapompata Envy, aliyemuua rafiki yake Hughes, akaanza kumchoma kwa moto wa kisasi. Hawkeye anamwelekezea bastola. Mustang anamuuliza atafanya nini baada ya kumuua. Anamjibu kwamba yeye pia hatakusudia kuendelea kuishi. Mustang anashusha mkono.

Linganisha silaha hizo mbili. Nyundo ya Kaori ina tani 100 na haina uzito wowote, kwa maana haimbadilishi anayepigwa wala anayepiga. Bastola ya Hawkeye ni ndogo, tena katika tukio hilo haikufyatuliwa, lakini ilibadilisha mwendo wa hadithi. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi ameamini kwamba mwanamke huyu anaweza kuua, na kwamba mwanamume huyu anaweza kufa. Silaha yake na ngao yake ni kitu kimoja. Hakuna anayelinda na anayelindwa pale. Kuna watu wawili wanaolindana, na mmoja wao akikosea, mwenzake ana haki ya kumkabili na wajibu wa kumsikiliza. Arakawa yuleyule aliyempa Winry spana ya mzaha ndiye aliyeandika tukio hili. Kumbe utanzu haumfungi mtunzi asipotaka kufungwa.

Kwa hiyo siwaombi wazazi wazime simu za watoto wao, wala siwaambii walimu wapige anime marufuku. Nawaomba waketi nao watazame, na msichana wa kwenye kioo anapomtwanga mvulana na kila mtu akacheka, waulize maswali matatu mepesi. Alikuwa na kosa au ilikuwa ajali? Aliyepigwa anaweza kujibu? Kesho kitakuwa kimebadilika nini? Tukikosa jibu kwa yote matatu, basi tulichotazama hakikuwa utani, na aliyepiga amedharauliwa sawa na aliyepigwa.